Chemirocha alikuwa nani hasa? Jibu kwa msomaji aliyerithi santuri ya Jimmie Rodgers

Swali: "Babu yetu wa Bomet ametuachia gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri kadhaa nzito. Moja ina alama ya mbwa na jina la Jimmie Rodgers. Upande mmoja imeandikwa 'Blue Yodel', upande wa pili 'Away Out on the Mountain'. Wazee wanasema huyo ndiye Chemirocha wa ule wimbo wa zamani wa Kipsigis, na kwamba alikuwa nusu mtu nusu mnyama. Mjomba anashikilia kuwa alikuwa mtu mweusi, maana anaimba bluzi, muziki wa Wamarekani weusi. Dada yangu amesoma mahali kwamba aliokotwa shambani akiwa hajui lolote la mjini, kampuni ikamnyonya, akafa fukara. Tunaandaa siku ya kumkumbuka babu na mimi nimepewa kazi ya kueleza huyu mwanamuziki wake alikuwa nani. Nianzie wapi? Tena kuna mtu mjini anataka kuinunua hiyo santuri. Niiuze?"

Ndugu msomaji, poleni kwa kufiwa na mzee, na ahsanteni kwa kutovitupa vitu vyake. Santuri nyingi za enzi hiyo ziliishia kuwa vigae vya watoto kuchezea.

Ninavyokusoma, santuri yenyewe haikupi shida. Shida ni kusimama mbele ya wazee, mjomba na dada, kila mmoja akiwa na hadithi yake, nawe useme jambo lisilomvunjia mtu heshima wala lisilo la uongo. Habari njema ni kwamba kila mmoja wao ameshika kipande cha kweli. Wazee wamepata jina. Mjomba amekosea rangi ya mtu lakini sikio lake halikumdanganya. Dada yako ndiye mwenye kazi kubwa ya kusahihishwa, kwa kuwa hadithi ya msanii wa shamba aliyeokotwa na kunyonywa ni tamu na imesimuliwa mno, lakini mtu huyu haimtoshi.

Kwanza tuhakikishe tunamzungumzia mtu mmoja. Waimbaji mashuhuri wa Marekani walioitwa Jimmie Rodgers ni wawili. Wa pili alizaliwa Septemba 1933, miezi minne hivi baada ya wa kwanza kufa, na akavuma mwaka 1957 kwa wimbo "Honeycomb". Wapo pia wanaowachanganya wote wawili na Jim Reeves, yule ambaye sauti yake nzito haikosi kwenye redio zetu kila Jumapili. Santuri yako ni ya yule wa kwanza bila shaka yoyote. Nyimbo hizo mbili alizirekodi Camden, New Jersey, tarehe 30 Novemba 1927, na ndizo zilizomtoa.

James Charles Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897. Mji wa Meridian, Mississippi, ndio unaomdai kuwa mwanawe, ingawa wapo wanaosema alizaliwa Geiger, ng'ambo ya mpaka wa Alabama. Usipoteze muda wa wageni wako kwa ubishi huo. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na baba yake alikuwa msimamizi wa genge la mafundi wa njia ya reli. Akiwa na miaka kama 13 alishinda shindano la vipaji, akatoroka nyumbani na kundi la wauza dawa waliokuwa wakitembeza maonyesho mji hadi mji. Baba akamrudisha na kumtia kazini relini: kuwapelekea maji vibarua, kisha kuwa mtu wa breki, yaani kuunganisha mabehewa, kukaza breki za mkono na kushika bendera na taa za ishara. Hapo ndipo lilipotoka jina lililomganda, la mtu wa breki anayeimba. Filamu fupi aliyoigiza mwaka 1929 ilimwonyesha amevaa sare za reli na kofia yake, miaka kadhaa baada ya kuiacha kazi hiyo. Kwa hiyo, ndiyo, alikuwa mtu wa reli kweli, na akaifanya reli kuwa vazi la jukwaani.

Kilichomtoa relini ni kifua kikuu. Mwaka 1924 alitema damu, madaktari wakampa jina la ugonjwa, na dawa ikawa haipo. Streptomaisini, dawa iliyokuja kuutibu, iligunduliwa mwaka 1943, miaka kumi baada ya kifo chake. Nakuomba ulitie jambo hili moyoni kabla ya kuandika, kwa sababu kazi yake yote ya kurekodi, tangu santuri ya kwanza hadi ya mwisho, ilidumu chini ya miaka sita na aliifanya huku anajua kinachomngoja. Anayeisimulia kazi hiyo kama bahati nasibu ya mtu wa shamba anakosa kuona haraka aliyokuwa nayo.

Sasa tuje kwa dada. Mwaka 1927 Rodgers alikuwa Asheville, North Carolina, na alikuwa amekwisha kuimba katika redio ya mji huo, WWNC. Alijiunga na vijana wa bendi moja kutoka Bristol, Tenneva Ramblers, na bendi ikachukua jina lake. Mtu kama huyo humwiti wa kuokotwa. Alikuwa mtafuta kazi ya muziki aliyekwisha kupiga kwenye mahema na jukwaa dogo dogo kwa miaka mingi.

Upande wa pili alikuwapo Ralph Peer, mtu wa kampuni ya Victor, na hapa inafaa nikueleze jinsi shughuli ilivyokwenda, maana ndipo kisa kizima kilipo. Kampuni za santuri zilikuwa zimegundua kwamba watu wa mashambani ya kusini wananunua muziki wa kwao. Mwaka 1922 mpiga fidla Eck Robertson wa Texas alirekodi New York. Mwaka 1923 Peer mwenyewe, akiwa na kampuni ya Okeh, alimrekodi Fiddlin' John Carson huko Atlanta. Mwaka 1924 Vernon Dalhart, mwimbaji aliyefunzwa opera, aliimba nyimbo za aina hiyo na santuri yake ikauzwa kupita matarajio yote. Basi Rodgers hakuwa wa kwanza, na ukisema mbele ya watu kwamba ndiye aliyeanzisha muziki wa kantri, mjuzi yeyote aliyepo atakukatiza.

Julai 1927 Peer na mafundi wake walifika Bristol, mji ambao barabara yake kuu inagawanywa na mpaka wa Tennessee na Virginia. Walikodi ghorofa katika jengo lililowahi kuwa la kampuni ya kofia na kupanga mitambo. Sauti iliingia kwa maikrofoni, ikapita kwenye vikuza sauti, ikafika kwenye sindano iliyochonga mfereji juu ya sahani nene ya nta. Sahani hiyo haikuzungushwa na umeme, kwa kuwa umeme wa siku hizo haukuaminika kushika mwendo mmoja. Ilizungushwa na uzito mzito ulioshuka taratibu ukivuta gia. Mwimbaji alikuwa na dakika tatu hivi. Akikosea, sahani imeharibika.

Gazeti la mji liliandika kwamba Ernest Stoneman, mwanamuziki wa eneo hilo, alikuwa amepata dola 3,600 mwaka uliotangulia kutokana na santuri. Kwa watu wa milimani hiyo ilikuwa pesa ya ndoto, na baada ya habari hiyo watu walifurika. Tarehe 1 na 2 Agosti iliimba familia ya Carter. Rodgers na bendi yake walifika, na usiku kabla ya zamu yao wakagombana, kwa masimulizi mengi, juu ya jina la nani liandikwe kwenye santuri. Bendi ikamwacha ikaenda kurekodi peke yake. Tarehe 4 Agosti Rodgers akaingia na gita lake tu, akaimba "The Soldier's Sweetheart" na "Sleep, Baby, Sleep". Kwa kawaida Peer alilipa dola 50 kwa wimbo, kwa hiyo alitoka na dola 100.

Nikiulizwa kwa nini yeye aling'aa na wengine wengi wa Bristol wakasahaulika, sitataja sauti nzuri kwanza. Kabla ya mwaka 1925 mwimbaji alilazimika kupaza sauti ndani ya mzinga, yaani pembe kubwa ya kukusanya sauti, ili msukumo wa hewa utikise sindano. Sauti za watu kama Dalhart, zilizofunzwa kujaza ukumbi, ziliufaa mzinga. Maikrofoni ilipoingia, ikawezekana kuimba kama mtu anayeongea na mwenzake varandani usiku, na kila pumzi ikasikika. Rodgers aliimba hivyo hivyo. Alichelewa kutamka neno, akacheka kidogo, akamsemesha mpiga gita katikati ya wimbo. Msikilizaji wa Texas au wa Kericho alihisi anaongeleshwa yeye.

Na ile yodeli, yaani kuivunja sauti ghafla kutoka kifuani hadi ile nyembamba ya juu na kuirudisha, haikuwa yake pia. Waimbaji kutoka Uswisi na Austria waliitembeza Marekani tangu karne ya 19, na Riley Puckett wa Georgia aliirekodi mwaka 1924. Rodgers aliichukua akaibandika mwishoni mwa beti za bluzi, mahali ambapo mwingine angepiga gita tu. Huo muunganiko ndio uliokuwa wake.

Alichofanya baada ya Bristol ndicho kinachonifanya nimheshimu. Santuri ya kwanza ilitoka Oktoba, ikauzwa kiasi. Wengine wangekaa kusubiri barua ya kampuni. Yeye alipanda treni kwenda New York bila kuitwa, akampigia Peer simu na kumwambia yuko tayari kurekodi tena. Peer akampeleka Camden, na hapo ndipo ilipozaliwa santuri ya babu yako. "Blue Yodel" iliuzwa kwa mamia ya maelfu ya nakala, na kampuni ikaagiza nyingine na nyingine mpaka mfululizo wa bluzi zake zilizopewa namba ukafika kumi na mbili. Kwa jumla alirekodi nyimbo kama 110.

Je, alinyonywa? Hapa dada yako anastahili jibu la haki, kwa kuwa si ndiyo wala si hapana. Kabla ya Peer, mwanamuziki wa kijijini, mweupe au mweusi, alilipwa mara moja akaenda zake. Santuri ikiuzwa elfu moja au laki moja, kwake ni mamoja. Peer alikubaliana na Victor asichukue mshahara, bali abaki na haki za utunzi wa nyimbo anazozileta. Sheria ya Marekani ya mwaka 1909 iliitaka kampuni kulipa senti 2 kwa kila wimbo kwa kila nakala ya santuri, na santuri iliuzwa senti 75. Peer alizipokea senti hizo kupitia kampuni yake ya uchapishaji, akabaki na sehemu yake na kumpa msanii mrabaha wake, yaani fungu lake kwa kila nakala iliyouzwa. Senti ni kidogo, ila zikizidishwa kwa laki tano si kidogo tena. Kwa hiyo Rodgers alipata zaidi ya wengi wa wakati wake, na Peer akatajirika zaidi ya Rodgers. Yote mawili ni kweli na uyaseme yote mawili.

Mpango huo ulikuwa na tokeo moja ambalo wasifu mwingi huliruka. Mrabaha wa utunzi ulipatikana tu ikiwa wimbo ni mpya na una mwenyewe, kwa hiyo Peer alidai nyimbo mpya kila mara. Rodgers hakuwa mtunzi wa kukaa mezani akaandika. Aliyemwokoa ni shemeji yake, Elsie McWilliams, dada wa mkewe Carrie, mwalimu wa muziki aliyemtungia na kumsaidia kutunga nyimbo nyingi sana. Mara nyingine jina lake halikuandikwa kabisa. Ukinitaka nitaje aliyepunjwa katika kisa hiki, nitamtaja huyu kabla ya Rodgers. Watakaofuata ni wale ambao hatuwezi kuwataja kwa majina, na hao wananipeleka kwa mjomba wako.

Rodgers alikuwa mzungu, mwana wa Mississippi ya ubaguzi, na picha zake zipo tele. Lakini mjomba amesikia sawasawa. Magenge ya vibarua wa reli aliowapelekea maji akiwa kijana yalijaa watu weusi waliofanya kazi kwa kuimba na kuitikiana, na beti nyingi za bluzi zake zilikuwa zikizunguka midomoni mwa watu kabla yake, zikihama kutoka kwa mwimbaji mmoja hadi mwingine kama mistari ya ngoma zetu isiyojulikana nani aliisema kwanza. Aliziokota, akazipanga, zikasajiliwa kwa jina lake. Kampuni nazo ziliuza muziki kwa orodha mbili, moja ya wanunuzi weusi na moja ya wazungu wa mashambani, kana kwamba mipaka hiyo ilikuwa ya kweli masikioni. Haikuwa hivyo. Tarehe 16 Julai 1930, Hollywood, alirekodi "Blue Yodel No. 9" akiwa na Louis Armstrong kwenye tarumbeta na Lil Hardin Armstrong kwenye piano. Majina ya wawili hao hayakuwekwa kwenye lebo. Mwaka uliofuata, Louisville, alirekodi na bendi ya weusi waliopuliza mitungi. Mwambie mjomba asikilize hiyo namba 9 kwa utulivu, hasa pale tarumbeta inapojibu mstari, kisha aniambie kama ubishi wake haukuwa na msingi. Mimi naona alikuwa karibu na ukweli kuliko vitabu vingi vya zamani.

Kuhusu ufukara: alipata pesa na akazitumia. Mwaka 1929 alijenga nyumba kubwa Kerrville, Texas, ambako hewa kavu ilidhaniwa inawafaa wagonjwa wa kifua. Alipenda magari na magita. Mojawapo, Martin, lilipambwa jina lake kwenye shingo, na nyuma lilikuwa na neno la shukrani kwa herufi kubwa, ambalo aliligeuzia watazamaji mwisho wa wimbo. Kisha mdororo wa uchumi ukaja. Mauzo ya santuri Marekani yalishuka kutoka takriban milioni 100 mwaka 1927 hadi takriban milioni 6 mwaka 1932. Matibabu nayo hayakungoja. Nyumba ya Kerrville ikauzwa, familia ikahamia nyumba ya kawaida San Antonio. Hakufa ombaomba. Alikufa akiwa mtu aliyekuwa na vingi na kubaki na vichache, na bado alikuwa na mkataba mkononi. Hadithi nyingi laini kumhusu zilitoka katika kitabu cha kumbukumbu alichotoa mjane wake mwaka 1935, na mjane yeyote angeandika kwa mapenzi; kisome ukijua hivyo.

Mei 1933 alisafiri kwa meli hadi New York akifuatana na muuguzi, ili arekodi nyimbo za mwisho ambazo familia ingeishi nazo. Studio iliwekwa kitanda cha kujilaza. Aliimba, akalala, akaamka akaimba tena, na siku zilizofuata akapumzika kabisa. Tarehe 24 Mei alimaliza nyimbo nne, wa mwisho, "Years Ago", akiwa peke yake na gita kama alivyoanza Bristol. Tarehe 26 Mei alifariki katika hoteli ya Taft, akiwa na umri wa miaka 35, na mwili ukarudishwa Meridian kwa treni. Miaka miwili kabla alikuwa amerekodi "T.B. Blues", wimbo juu ya ugonjwa wake mwenyewe, bila kujionea huruma. Ukitaka wimbo mmoja wa kuwapigia wageni pamoja na ule wa santuri yenu, piga huo.

Sasa wazee. Rodgers hakuwahi kufika Afrika. Zilizofika ni santuri, na njia yake inaeleweka. Victor ya Marekani na kampuni ya Gramophone ya Uingereza, ile ya HMV, zilikuwa na undugu wa kibiashara, alama moja ya mbwa, na zilipeana rekodi. Tawi la India lilihudumia pia pwani yetu: Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa HMV, wakati ule ule "Blue Yodel" ilipokuwa inavuma Marekani. Nyimbo za Rodgers zilitolewa Uingereza na India, na kutoka huko ziliingia bara kwa wafanyabiashara, walowezi na wamisionari.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alifika Kapkatet, na miongoni mwa Wakipsigis akarekodi nyimbo tatu zenye jina Chemirocha. Inayojulikana zaidi ni ile ya wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, pamoja na chepkong, kile chombo chenu cha nyuzi. Tracey aliandika kwamba jina hilo ni Jimmie Rodgers lililopita katika matamshi ya Kipsigis, na kwamba Chemirocha alielezwa kuwa nusu mtu nusu paa. Kwa hiyo wazee wenu hawakubuni lolote.

Ninachokuomba ni uangalifu na hatua inayofuata. Tracey alimfananisha Chemirocha na Pan, mungu wa Wagiriki wa kale aliye nusu mtu nusu mbuzi, na tangu hapo watu wa nje wakasimulia kwamba wanakijiji walimwabudu mzungu wa kwenye sanduku. Hiyo ni tafsiri ya mgeni. Kwa maelezo yake mwenyewe, wasichana hao walikuwa wakimhimiza Chemirocha acheze ile ngoma ya kuruka mpaka nguo zimtoke. Mimi nasikia utani hapo, utani wa wasichana wenye akili wanaomcheza shere mgeni asiyeonekana ila sauti yake imejaa nyumba. Hakuna anayemwambia mungu wake avuliwe nguo na ngoma. Lakini mimi si Mkipsigis, na wenye haki ya kusema ni wazee wale wale unaowaogopa. Badala ya kwenda kuwahutubia, nenda kabla ya siku hiyo na simu yako, uwarekodi kwa Kipsigis: gramafoni ilikuwa kwa nani, santuri ilipigwa lini na lini, Chemirocha alikuwa anaimbwa wapi, na ni nini kilichochekesha. Rekodi za Tracey zinahifadhiwa na maktaba aliyoianzisha, ILAM, katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na katikati ya miaka ya 2010 nakala zilirudishwa Kenya na baadhi ya familia za waimbaji zikatafutwa. Ketebul Music ya Nairobi ilihusika katika kazi hiyo. Waandikie, huenda wakakusaidia kuupata wimbo wenyewe ukiwa na sauti safi.

Santuri yenu sasa. Ni ya shelaki, resini inayovunjika kama sahani ya udongo. Usiipige kwenye hiyo gramafoni siku ya shughuli, hata wakikusihi. Sindano ya chuma yenye kichwa kizito huila mifereji, na ndiyo sababu zamani ilibadilishwa kila upande mmoja. Usiisafishe kwa spiriti wala dawa yoyote yenye pombe, maana shelaki huyeyuka humo. Kitambaa laini kikavu kinatosha kutoa vumbi. Isimamishe wima katika bahasha ya karatasi, mbali na jua na jiko. Ikiwa ina ufa au ukungu, usiiguse zaidi, ipeleke kwa mtu mwenye uzoefu aione kwa macho. Hata nzima, kunakili sauti yake kunahitaji mashine yenye mwendo wa mizunguko 78 na sindano pana ya santuri za kale, kama mara tatu ya ile ya LP. Fundi akikuambia sindano ni sindano tu, chukua santuri yako uondoke. Kwa siku yenyewe, piga nakala ya kidijitali iliyokwisha kusafishwa na uweke santuri mezani ionekane. Kwa sheria ya Kenya ulinzi wa rekodi ya sauti ni miaka 50, kwa hiyo shughuli ya familia haina neno. Ila mkitaka kuiweka mtandaoni, kumbuka Marekani hulinda rekodi za umri huo miaka 100 tangu zitolewe, na hapo ulizeni KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kwanza.

Kuuza? Nikikutazamia faida tu, nitakuambia usitarajie makubwa. "Blue Yodel" iliuzwa kwa wingi, na kitu kilichouzwa kwa wingi hakiwi adimu kwa sababu ya uzee. Zinazotafutwa sana ni za miaka yake ya mwisho, wakati watu hawakuwa na pesa ya kununua. Ipo hata moja ya mwaka 1933 yenye picha yake iliyochapwa juu ya sahani nzima. Kwa hiyo kabla hujajibu mnunuzi, soma lebo za santuri zote zilizobaki, siyo hii moja. Andika kampuni, namba, na mahali zilikochapwa kama pametajwa. Yenu ikiwa ilichapwa India au Uingereza itamvutia mkusanyaji kwa namna tofauti na ya Marekani. Zile zenye majina ya waimbaji wa Afrika Mashariki, kama zimo, ndizo ningezishika kwanza, kwa kuwa zilichapwa chache na nakala zilizosalia ni za kuhesabika. Mnunuzi anayemtaja Rodgers peke yake wakati kuna rundo zima huenda hajui, au anajua sana. Mwambie alete bei kwa maandishi, apewe siku ya kuja kuziona zote mbele ya mtu mzima wa familia, na asiondoke na hata moja siku hiyo. Ukishaandika orodha nitumie, nikuambie zipi za kuwekwa pembeni.